Otello si ya Verdi peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Giuseppe Verdi, mtunzi wa muziki wa Italia, nimeisoma mara mbili, na nawashukuru kwa kuipa ukurasa mzima. Lakini liko jambo lililonikaa rohoni. Mlipofika kwenye Otello na Falstaff, opera zake (michezo ya kuigiza inayoimbwa), Arrigo Boito alitajwa mara moja tu, tena kama msaidizi aliyeandaa maneno. Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi mwimbaji akishangiliwa huku aliyetunga maneno amekaa benchi la nyuma, hata jina haulizwi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Boito alikuwa mtunzi wa muziki, mshairi na mhakiki. Alizaliwa Padova tarehe 24 Februari 1842. Baba yake, mchoraji, aliitelekeza familia. Watoto wakalelewa na mama yao, Józefina Radolińska, mwanamke wa ukoo bora kutoka Poland. Kaka yake, Camillo, akaja kuwa msanifu wa majengo. Ndiye aliyechora ramani ya ile nyumba ya wanamuziki wazee huko Milano ambamo Verdi amezikwa. Arrigo akasomea utunzi katika chuo cha muziki cha Milano, na humo akampata Franco Faccio, rafiki aliyebaki naye hadi kifo. Nitarudi kwa Faccio.

Mwaka 1862, Boito akiwa na umri wa miaka 20, Verdi alimwomba maneno ya utenzi wa kuimbwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya London. Kijana akaandika, na Verdi akamzawadia saa, akimwambia imkumbushe thamani ya wakati. Mwaka uliofuata kijana huyohuyo akainua kalamu ya uhakiki. Katika gazeti la La Perseveranza alidai kwamba opera ya Italia haina umbo la kweli, ina kanuni za kukariri tu. Mwalimu yeyote wa muziki anajua alichokuwa anakisema. Wimbo wa pekee huja mahali palepale, marudio mahali palepale, umaliziaji wa kasi mahali palepale, uwe unaimba harusi au msiba. Mimi hoja hiyo naikubali mpaka leo.

Kosa lake lilikuwa jingine. Mwaka huohuo, kwenye karamu ya kumpongeza Faccio kwa opera yake ya kwanza, alisimama akasoma shairi linalosema kwamba madhabahu ya sanaa ya Italia imechafuliwa kama ukuta wa danguro. Verdi aliposikia, aliumia. Alimwandikia mchapishaji wake, Tito Ricordi, kwamba ikiwa yeye naye ni mmoja wa walioichafua madhabahu hiyo, basi Boito aisafishe, naye Verdi atakuwa wa kwanza kwenda kuwasha mshumaa.

Boito akajaribu kuisafisha. Tarehe 5 Machi 1868 opera yake, Mefistofele, ilianza La Scala, jumba la opera la Milano. Maneno yake mwenyewe, yaliyotokana na Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, muziki wake mwenyewe, na okestra akaiongoza mwenyewe. Onyesho likavuka saa sita za usiku. Watu wakazomea, wakapiga miluzi, wakagombana. Baada ya muda mfupi sana opera ikaondolewa jukwaani. Hebu fikirini, mhakiki aliyewahukumu wengine hadharani anahukumiwa hadharani, na ana miaka 26 tu.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Hakuandika makala za kuwalaumu wasikilizaji. Alikaa na kazi yake akaikata, akaipunguza, akambadilisha mhusika Faust kutoka sauti ya baritoni (ya kiume ya kati) kuwa tenor (ya kiume ya juu), na mwaka 1875 huko Bologna ikapokelewa kwa furaha. Uhakiki aliokuwa akiwafanyia wengine aliufanya juu ya nafsi yake. Kama hamjawahi kuusikia utangulizi wa opera hiyo, tafadhali utafuteni. Tarumbeta zinaitana, kwaya ya mbinguni inajibu kutoka mbali, kisha sauti za watoto zinaingia kama makerubi, haraka haraka, nyepesi kabisa, na shetani anasimama katikati ya utukufu wote huo akiubishia. Kila nikiusikia husisimka mwili.

Tuje kwa Verdi. Mwaka 1879 Giulio Ricordi, mwana wa Tito, aliwakutanisha tena wawili hao kwa ajili ya Otello. Mzee hakuwa amesahau madhabahu, lakini alikubali kusoma alichoandika Boito. Kwanza wakaijaribu kamba kwa kuifanyia marekebisho Simon Boccanegra, opera ya zamani ya Verdi, iliyorudi jukwaani mwaka 1881. Mwaka 1884 kidogo yote yavunjike. Gazeti moja la Napoli liliandika kwamba Boito anasikitika kutoitungia muziki Otello yeye mwenyewe. Verdi akajitolea kumrudishia maandishi yake, bila kinyongo. Boito akakataa katakata, akamwambia kwamba hakuna mwingine anayeweza kuitunga.

Mtu huyo mnamwita msaidizi? Ni yeye aliyeiacha sehemu nzima ya mwanzo ya tamthilia ya Shakespeare iliyozaa Otello, ile ya Venezia, akatuanzishia hadithi na dhoruba ya Cyprus. Ni yeye aliyemwandikia Iago, yule mwovu wa hadithi, ungamo lile la imani katika Mungu katili. Na ni yeye aliyemshawishi Verdi, akikaribia miaka 80, kwamba baada ya vilio vyote vya maisha yake amalize kwa kicheko. Otello ilitoka Februari 1887, Falstaff Februari 1893. Bila Boito, sidhani kama mzee angetunga opera nyingine baada ya Aida.

Faccio ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la Otello. Muda mfupi baadaye alishikwa na ugonjwa wa akili, wakati ambapo alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Parma. Boito akaishika nafasi hiyo kwa heshima tu, ili mshahara uendelee kumfikia rafiki yake mgonjwa. Faccio alifariki mwaka 1891. Habari hii haimo katika nyimbo wala katika opera, na pengine ndiyo sababu waandishi huipita. Mimi naomba isipitwe.

Opera yake ya pili, Nerone, aliishughulikia kwa miongo mingi bila kuikamilisha. Alifariki Milano tarehe 10 Juni 1918, na kondakta Toscanini akaiongoza La Scala mwaka 1924, baada ya wenzake kuimalizia. Kwa mhakiki aliyejua makosa yote yanayoweza kufanywa, nadhani kuweka kituo cha mwisho kulikuwa kugumu kuliko kwa mtunzi mwingine yeyote.

Ndugu Mhariri, naomba katika toleo lijalo mchapishe sahihisho fupi: Otello na Falstaff, muziki wa Giuseppe Verdi, maneno ya Arrigo Boito. Majina yote mawili, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Wako katika muziki,
Mwalimu wa kwaya, Tanga