Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hesabu Jozi Zinazofika, Si Zinazotoka

Ndugu wanachama,

Habari za fedha na uanachama zimo kwenye taarifa za mweka hazina na katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi hii naitumia kwa vyanzo vya fotoni zilizofungamana (jozi za chembe za mwanga ambazo vipimo vyake huhusiana hata zikiwa mbali), hasa namna tunavyovisifu.

Chanzo kikiitwa kikali, tuulize kwanza jozi ngapi zinafika zikiwa bado zimefungamana. Setilaiti ya Micius ya China ni somo tosha. Katika majaribio yaliyochapishwa 2017, chanzo chake kilitoa jozi milioni 5.9 kwa sekunde. Vituo vya Delingha na Lijiang, kilomita 1,203 kutoka kimoja hadi kingine, vikapokea jozi moja hivi kwa sekunde. Mwaka 2020 zikatangazwa funguo za siri za kufungia ujumbe, zilizotokana na jozi hizo, kwa umbali wa kilomita 1,120, kwa kasi ya biti 0.12 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, ufunguo wa biti 128 huchukua karibu dakika 18. Kwa hiyo vyanzo vikali tunavihitaji kweli.

Makosa huanza pale mtu anapofikiri dawa ni kuongeza nguvu ya leza. Leza ya nanomita 405 inapopita kwenye fuwele, mara chache sana fotoni moja hugeuka kuwa mbili za nanomita 810. Ukiongeza nguvu mara 10, jozi nazo huongezeka mara 10, lakini mipigo ya sadfa (vigunduzi viwili kupiga pamoja kwa fotoni zisizo wenzi) huongezeka mara 100. Chukua vigunduzi viwili, kila kimoja kikihesabu mipigo 100,000 kwa sekunde, na dirisha (muda ambao mipigo miwili huhesabiwa kuwa ya pamoja) la nanosekunde 1: mipigo ya sadfa ni 10 kwa sekunde. Fikisha kila kigunduzi kwenye milioni 1, nayo inakuwa 1,000. Kontrasti, yaani tofauti ya hesabu ya juu na ya chini ya mipigo ya pamoja unapozungusha vichujio, ikigawanywa kwa jumla yake, inashuka. Chini ya asilimia 71 hivi, kipimo cha Bell, kinachothibitisha ufungamano, hakivuki tena 2, kikomo cha vitu visivyofungamana. Kubana dirisha kunasaidia, ila kuna mahali usahihi wa saa ya kigunduzi chenyewe unafika mwisho.

Kwa wanaoanza meza mpya, kamati inapendekeza pete ya Sagnac, ambamo mwanga huzunguka njia ileile kwa pande mbili zinazopingana. Prizimu inagawa leza pande mbili, vioo viwili vinaizungusha, na katikati inakaa fuwele ya KTP, ndiyo inayozaa jozi, yenye ncha za umeme zinazopinduliwa kwa zamu, duru moja ikiwa mikromita 10 hivi. Upande mmoja unawekwa bamba la nusu wimbi (linalogeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga), mhimili wake digrii 45. Njia zote mbili hupita vioo vilevile, kwa hiyo mtikisiko wa meza unajifuta wenyewe. Bamba na prizimu lazima vifanye kazi kwa 405 na kwa 810 pia. Kinachofaa rangi moja tu kitakula ufungamano hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Fuwele ikae kwenye hita inayodhibitiwa hadi sehemu za kumi za digrii, la sivyo rangi za fotoni mbili zinaachana.

Kulenga: ingiza leza ya 810 kinyumenyume kupitia faiba ya kupokelea, uilaze juu ya mwale wa 405 ndani ya fuwele, kisha ndipo uunganishe vigunduzi. Ukibana lenzi sana utapata jozi nyingi lakini zenye wenzi waliopotea njiani. Kipimo chake, uwiano wa jozi, ni rahisi: mipigo ya pamoja igawanywe kwa kipeuo cha pili cha zao la hesabu za vigunduzi viwili.

Kontrasti ipimwe kwenye mielekeo miwili ya mtetemo wa mwanga. Ikiwa ya wima na mlalo ni nzuri lakini ya digrii 45 ni mbovu, usihangaike na mwanga wa chumbani. Tatizo ni fezi (mawimbi ya njia mbili za pete kutokwenda hatua moja), au fotoni zinajulikana zimetoka upande gani wa pete. Kontrasti zote mbili zikishuka pamoja, punguza leza kwanza.

Meza ya 810 haifai kwa mtandao wa mji. Kwa rangi hiyo, faiba hula desibeli 3 hivi kwa kila kilomita. Baada ya kilomita 10 inabaki fotoni 1 kati ya 1,000. Kwa nanomita 1550 upotevu ni desibeli 0.2 kwa kilomita, na umbali huohuo unapitisha asilimia 63. Faiba iliyotundikwa kwenye nguzo ina ukorofi wake: upepo unageuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, kwa hiyo anayetuma kwa njia hiyo aweke kirekebishaji.

Nukta za kwanta, vipande vidogo mno vya semikondakta vinavyotoa mwanga, zinavutia kwa sababu zinaweza kutoa jozi moja kwa kila mpigo wa leza bila kubahatisha. Bei yake ni ubaridi wa kelvini chache, na tofauti ndogo ya nishati ndani ya nukta ambayo isiporekebishwa huzungusha fezi ya jozi.

Ripoti za mwaka ujao ziwe na nguvu ya leza, mipigo ya pamoja kwa sekunde, upana wa dirisha, uwiano wa jozi, na kontrasti zote mbili zilizopimwa kwa nguvu hiyohiyo. Ikikosekana moja, katibu atairudisha.