Majirani, msiwahoji watoto wa kambo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na majirani zangu wa Ujiji. Nauza dagaa mwaloni Kibirizi, na ni baba wa kambo wa binti wa darasa la sita. Jioni akitoka bombani, mama mmoja humsimamisha na ndoo yake kichwani: "Leo umekula nini? Na mdogo wako kapewa hichohicho?" Mtoto anarudi kanuna, ugali haugusi.

Mnapata nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayemlea mtoto ampe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nayatimiza, tena kwa moyo. Jina la baba yake analo na atabaki nalo. Likizo anakwenda Kasulu kwa bibi mzaa baba, nauli natoa mimi. Kukemea namwachia mama yake kwanza, maana mazoea hayalazimishwi.

Mkiona mtoto ana alama za kipigo au haendi shule, nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii, nitawaunga mkono. Lakini haya maswali ya njiani, tafadhali mkome.

Baba wa kambo,
Ujiji, Kigoma