Anayenunua kwa kopo ndiye anayelipa zaidi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kubana matumizi, ile iliyotushauri akina mama tupange bajeti ya mwezi, tununue vitu kwa jumla, na tuloweke maharage usiku ili yaive upesi. Maharage tunaloweka tangu enzi za bibi zetu. Hapo kwenye kununua kwa jumla ndipo tunapokwama.

Nakaa Gungu, hapa Kigoma. Mume wangu ni kibarua wa kupakua mizigo. Akirudi na elfu nane tunakula ya elfu nane, akirudi mikono mitupu nakopa dukani. Watu kama sisi hatuna mwezi, tuna leo. Kwa hiyo mkaa nilikuwa nanunua kopo la shilingi 1,000 kila siku, mpaka siku moja nikakaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mwanangu. Siku 45 ni shilingi 45,000. Gunia, ambalo kwa jiko langu linafika siku hizo hizo, wakati ule lilikuwa shilingi 35,000. Yaani jirani yangu mwenye mshahara alikuwa anapika kwa bei nafuu kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa akinipa pole ya maisha. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe ni cha muuza mkaa.

Tena hilo kopo! Kuna makopo yamebonyezwa kitako mpaka unajiuliza kama yalikanyagwa na lori. Wauza dagaa nao wanayo, na wauza maharage. Najua tuna Sheria ya Vipimo, na lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kiasi, inapigwa marufuku kila mwaka ili mkulima asipunjwe. Ni sawa kabisa. Lakini mimi wa mwisho kwenye mnyororo, ninayepimiwa kwa kopo, sijawahi kuona mtu amekuja sokoni kwetu kuangalia kitako chake.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, nilijifunza kwa njia nyingine kwamba asiye na fedha ya mkupuo ndiye anayeumia. Sipingi kufunga ziwa, samaki wakiisha tutakula mawe. Ila tangazo lilikuja mapema, na mwenye fedha alianika dagaa wake na kujaza magunia ndani. Sisi tulisikia tangazo lile lile tukabaki kutazamana. Miezi mitatu tulikula sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, na siku ya dagaa ilikuwa kama sikukuu.

Kuna bidhaa moja tu ninayoijua ambayo anayetumia kidogo hupewa bei ndogo, nayo ni umeme. Wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hupata uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akizidi, bei inaruka zaidi ya mara mbili. Mpango mzuri sana, mpaka ukumbuke wapangaji wa vyumba sita wanaochangia mita moja ya LUKU. Kila mmoja ana balbu mbili na chaji ya simu, lakini kwa pamoja wanavuka 75 na kulipishwa kama mwenye nyumba ya friji na pasi. Aliyeweka kile kiwango hakuwahi kupanga chumba, nadhani.

Tulichofanya kwenye uchochoro wetu ni hiki. Tuko wanawake 11. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa shilingi 3,000, na fedha haigawiwi kwa zamu kama upatu, inanunua kitu. Wiki moja mkaa, nyingine dumu la mawese la lita 20, nyingine maharage ya Kasulu. Tunagawana kwa mizani tuliyoazima. Msidhani ni mteremko. Gunia la kwanza lilituletea ugomvi wa chenga: nani achukue zile za chini? Sasa chenga ni za yule anayehifadhi gunia, ndiyo kodi ya chumba chake. Mahindi tuliyonunua kwa tamaa wakati wa mavuno yaliingiwa na dumuzi, tukapoteza karibu nusu, na wawili wakajitoa kwa hasira. Mmoja amerudi.

Mhariri, gazeti lako lingeweza kutusaidia kuliko ushauri wa maharage. Chapisha bei za sokoni kwa kilo na kwa lita, siyo kwa kopo, ili tujue tunaibiwa kiasi gani. Na hao wanaotuhimiza tuache mkaa tutumie gesi, maana serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, watueleze itanunuliwaje na mtu wa elfu nane kwa siku. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 ni fedha ya mkupuo. Nasikia Dar es Salaam ipo mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Kama ni kweli, ije na huku kwetu, mradi bei ya kidogo isije ikawa ile ile ya kopo.

Jumamosi hii tunanunua dumu jingine la mawese. Zamu ya kulihifadhi ni yangu, na mume wangu nimeshamwonya.

Msomaji wako,
Gungu, Kigoma