Mama Mdogo, ukifika Ahmedabad msikae tu kwenye benchi

Mama Mdogo, shikamoo.

Mama kaniambia tiketi mmeshakata na Januari mnaondoka, wewe na Baba Mdogo, kwenda Ahmedabad kwa ajili ya moyo wake. Ya daktari namwachia daktari. Mimi nakuandikia kuhusu zile siku za katikati, mnapoambiwa "rudini Alhamisi" na leo ni Jumatatu. Nilipomsindikiza Baba, siku tisa za kwanza ziliishia kati ya benchi la kusubiri na chumba tulichopanga, tumelala chali tunatazama panka ikizunguka. Siku ya kumi Baba mwenyewe, na bandeji mkononi, akasema, "Sikuja India kutazama dari." Tukatoka.

Anzeni na msikiti wa Sidi Saiyyed, pale Lal Darwaja. Ni mdogo, na honi za barabarani zinausonga pande zote, usipoambiwa unaupita. Aliyeujenga alikuwa Mwafrika. Wenyeji wa zama zile walimwita Habshi, na sisi neno hilo tunalo: Mhabeshi. Aliujenga mwaka 1572 hadi 1573, wakati uleule jeshi la Akbar, mfalme wa Wamughal, lilipoiteka Gujarat, jimbo ulipo mji huu. Ukuta wa nyuma una madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kazi ya kushona, wao huyaita jali. Moja ni mti ambao matawi yake yanajisokota na kuzidi kujisokota hadi yajaze upinde mzima, na lote ni jiwe. Upinde wa katikati umezibwa kwa mawe matupu. Husemwa kwamba vita viliwakuta kazi haijaisha. Wakikwambia wanawake hawaingii ndani, usibishane nao, zunguka nyuma, jali zinaonekana vizuri sana kutoka nje. Baba alisimama pale kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini shuleni hatukufundishwa habari za mtu huyu. Sikuwa na jibu.

Nendeni kwa bajaji, ila ukisema bajaji watakutumbulia macho. Wenyewe huita riksha. Maneno mengine utayafurahia. Gari, dobi, laki, kachumbari, hata hiyo panka: utayasikia yakitoka midomoni mwao karibu kama tunavyoyatamka sisi.

Mji wa kale aliuanzisha Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia, mji wa kwanza India kupata heshima hiyo. Mitaa yake huitwa pol: vichochoro vyenye lango, nyumba za mbao zilizonakshiwa, na vibanda vya kulishia ndege vimesimama juu ya nguzo. Wewe uliyeishi Mji Mkongwe utajihisi umekosea njia ukarudi Unguja, maana ile milango tunayoiita ya Kigujarati asili yake ni huko. Kuna matembezi ya asubuhi yanayoanzia hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424. Baba Mdogo asiyatembee yote.

Ashram ya Gandhi, yaani makao aliyoishi na wafuasi wake, kando ya mto Sabarmati itamfaa zaidi, ina vivuli na mahali pa kukaa. Hapo ndipo alipotoka tarehe 12 Machi 1930 na wenzake 78, kwa miguu hadi baharini Dandi, kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza.

Mkipata gari la siku moja, nendeni Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini. Ni kisima, lakini unakishukia kwa ngazi, ghorofa tano kwenda chini, nguzo na nakshi kila mahali, na kadiri unavyoshuka joto linabaki juu. Kilikamilika mwaka 1499. Wenyeji husimulia kwamba malkia Rudabai, mjane, alimkubalia posa Sultani Mahmud Begada aliyemwulia mumewe, kwa sharti kwamba kwanza amalize kisima ambacho marehemu alikianza. Kilipokwisha, akajitupa ndani. Magoti yako yakikataa, kaa ngazi za juu. Hata hapo utaona mengi. Modhera, penye hekalu la jua, na Patan, penye kisima kingine cha ngazi, ni mbali, kama kilomita 100 au zaidi. Kisima cha Patan mtakiona nyuma ya noti ya rupia 100, na kwa hali ya mgonjwa naona noti inatosha.

Chakula: mchuzi wa dengu una sukari guru ndani, usishangae. Nyama ni ya kutafuta, nendeni Bhatiyar Gali. Manek Chowk mchana ni sonara watupu, usiku ni majiko na mabenchi. Na mwambie Baba Mdogo mapema kwamba Gujarat pombe ni marufuku kisheria, asije akanitafuta kwa simu.

Jambo moja la hatari. Tarehe 14 Januari ni Uttarayan, mji mzima uko juu ya mapaa kurusha tiara, na nyuzi zake hupakwa unga wa vioo. Siku hizo msipande pikipiki, uzi ukikatiza barabara unachana shingo. Kaeni paani na wenye nyumba, mle ufuta na sukari guru.

Ukifika kwenye ule mti wa jiwe nipigie picha. Yangu nusu ya mti imefunikwa na kidole gumba cha Baba.