Dada, wale wa Kirando hawakuja kudai nyumba

Dada, shikamoo.

Tangu arobaini ya Baba Mkubwa nimekupigia mara nne, hupokei. Basi naandika hapa, najua huwa unapita. Majina nimeyaacha nje.

Hasira yako naielewa. Mzee kazikwa Ujiji, watu wamekaa kwenye mikeka, mara anaingia mama mtu mzima na vijana wawili kutoka Kirando: "Tumekuja kwa baba." Ukaingia chumbani, ukafunga mlango.

Lakini dada, baba yako alikuwa baharia wa Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli yenyewe iliwahi kuzamishwa na Wajerumani walioileta, mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Mwenyewe alikuwa akisema, "Hii ilishakufa, tunayopanda ni mzimu wake." Kigoma hadi Mpulungu kule Zambia, ikipitia Kirando, na njiani bandari nyingi hazikuwa na gati. Meli inatia nanga mbali na ufuko, mitumbwi inaizunguka, kelele usiku kucha, na yeye yuko pale mlangoni anapokezana watoto wa watu na magunia. Sisi huku tulimhesabu kwa honi. Ikilia, mnakimbilia kuchota maji ya kuoga. Na ule mchele wa sikukuu aliokuwa akishuka nao, ulitoka kwa nani? Hatukuuliza. Tulikula.

Mama Mkubwa, Mungu amrehemu, aliondoka bila kujua. Au alijua; yule mama hakuwa mtu wa kusema.

Ulipokuwa ndani kililetwa chakula, ugali na migebuka ya mawese. Yule kijana mkubwa, kabla hajamega tonge, akavunja kichwa cha samaki, akakisukuma taratibu ukingoni mwa sinia, mbele ya mtoto mdogo kuliko wote. Kisha akafuta vidole kwenye goti. Goti la kushoto, dada. Mimi tonge lilinikwama.

Nyumba hawakuitaja, wala shamba la michikichi. Wameomba picha tu, maana kwao hakuna hata moja. Ile aliyopigwa melini, kofia mkononi, anacheka na mtu asiyeonekana, iko kabatini kwako. Sitaki uitoe, nataka niipige kwa simu tu.

Jumamosi nitakuja baada ya alasiri. Usipofungua nitakaa hapo barazani.