Mayai hayachukui upande

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu kuporomoka kwa maduka makubwa ya familia imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alisimulia vizuri jinsi Nakumatt ilivyoanza na magodoro mjini Nakuru hadi ikafika Uganda, Rwanda na Tanzania, na jinsi watoto wa marehemu Joram Kamau walivyofikishana mahakamani kwa sababu ya Tuskys. Aliwalilia ndugu hao kurasa mbili nzima. Hakutaja hata mara moja ni nani aliyezijaza rafu zao.

Tulizijaza sisi, kwa mkopo. Wadai wa Nakumatt walipopiga kura Januari 2020 ifungwe, madeni yake yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30. Matawi sita yaliyosalia yakaenda kwa Naivas, duka kubwa jingine, na wateja hawakukosa mahali pa kununulia sukari. Aliyepeleka sukari hiyo akabaki na makaratasi.

Mimi ni mfugaji wa kuku. Kwa miaka minne nilipeleka trei 120 za mayai kila Jumanne na Ijumaa kwa duka la familia nyingine kabisa, si mojawapo ya hayo mawili, ambalo silitaji kwa kuwa mawakili, tofauti na wafugaji, hulipwa taslimu. Mayai yangu yaliuzwa siku ile ile na fedha zikapokelewa pale pale. Miezi mitano ilipopita bila malipo, nilikwenda ofisi ya uhasibu na bahasha ya hati za kupokelea mizigo, kila moja na mhuri wake, nikaketishwa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, kisha nikaelezwa kwa adabu kwamba hundi yangu iko tayari ila ina saini moja: ya pili ni ya kaka mkubwa, na kaka mkubwa hajazungumza na mdogo wake tangu walipomzika baba yao. Nikaomba niipeleke mwenyewe hadi kwake. Nikajibiwa kwamba nitaonekana nimechukua upande. Mhariri, nilikuwa na kuku elfu mbili ambao hawakuwahi kuchukua upande wa mtu. Walikula kila asubuhi, na aliyeniuzia chakula chao hakutaka kusikia habari za mirathi. Niliuza nusu yao kwa bei ya hasara, wiki ile ile ambayo ndugu hao walizindua tawi jipya, kila mmoja akiwa na mkasi wake wa kukatia utepe.

Na tukiwa bado kwenye maduka hayo: kwa nini mteja hurudishiwa peremende badala ya chenji? Nilijaribu kulipia mkate kwa peremende zao wenyewe. Nikaitiwa mlinzi.

Najua sheria ya ushindani ilirekebishwa mwaka 2019 ili wanunuzi wakubwa wasitubane. Mimi naomba kitu kidogo zaidi: kila duka la familia litundike mlangoni ubao wenye orodha ya wanaolidai na tarehe ya deni kongwe kuliko yote, kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa tangazo la ofa ya mafuta ya kupikia. Ubao na misumari nitaleta mimi. Chaki wanunue wao, taslimu.

Mfugaji wa kuku,
Kiambu