Kabla ya kulipulizia rangi behewa lako, tazama uchafu unavyokaa

Wateja wengi wanaotuletea mabehewa madogo ya modeli za reli hapa karakana yetu Mwanjelwa huja na swali lilelile: "Fundi, nimelipiga rangi ya kutu, mbona halionekani kuukuu?" Ukiligeuza behewa mkononi, jibu unaliona. Limepigwa kahawia kuanzia paa hadi magurudumu, sawasawa pande zote. Limebadilishwa rangi, lakini halionekani kama limewahi kubeba hata gunia moja la mbolea.

Uchafu wa behewa una njia zake. Nenda stesheni ya TAZARA hapa Mbeya treni ya mizigo ikiwa imesimama, ukatazame (ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwanza). Huku chini, kwenye fremu na magurudumu, utakuta kahawia nzito: ni unga wa chuma unaosagika breki zinapobana, ukashikana na grisi. Kwenye vichwa vya behewa, yaani ncha zake za mbele na nyuma, magurudumu yamerusha tope juu usawa wa reli zote mbili. Paa limeshika masizi ya dizeli. Ubavuni, mvua imeshusha michirizi ya kutu kutoka kwenye bawaba na kona za mlango. Na vumbi lenyewe si la rangi moja. Njia ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa hiyo amua behewa lako limetoka wapi: wekundu wa upande wa Njombe, au ukijivu mweusi wa Uyole, kwenye udongo wa majivu ya volkano. Sisi huanza hapo, kabla hata ya kufungua kopo.

Chombo chenyewe ni eabrashi, yaani bomba dogo la kupulizia rangi lenye umbo la kalamu. Kwa anayeanza tunashauri yenye sindano ya milimita 0.3 na kitufe cha kazi mbili: ukikibonyeza inatoka hewa, ukikivuta nyuma inafuata rangi. Kompresa ya fundi pancha inaweza kutumika, ila lazima uweke kipunguza presha na kichujio cha maji. Tairi hutaka hewa nyingi. Behewa dogo linatosheka na PSI (kipimo cha presha) 15 hadi 20. Kichujio usikidharau, hasa mvua zikishaanza, maana hewa ya hapa hujaa unyevu na tone moja la maji likitoka na rangi linaharibu kazi ya asubuhi nzima.

Rangi izimuliwe hadi iwe nyepesi kama maziwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ikiwa nzito, inakaukia kwenye ncha ya sindano na kuanza kutema vidonge. Ikiwa nyepesi mno au ukisogea karibu mno, hewa inaisukuma na kuchora miguu ya buibui. Kumbuka pia ukubwa: kwenye modeli ya 1:87, yaani iliyopunguzwa mara 87, tone la milimita 2 ni sawa na doa la sentimita 17 kwenye behewa halisi. Ndiyo maana tunawaanzisha wanafunzi wetu kwenye chupa tupu ya maji, si kwenye behewa.

Mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka, na uendelee kutembea hadi iwe imekatika. Simama umbali wa sentimita 10 hadi 15, pitisha tabaka jembamba ambalo karibu hulioni, acha likauke, kisha rudia. Ukiona umeanza kulipenda, simama hapo. Rangi ya maji ikiwa bado mbichi, chukua brashi bapa yenye unyevu kidogo na uivute ubavuni kutoka juu kwenda chini. Michirizi inajitokeza yenyewe, kama ile ya mvua. Tunaipenda hatua hii kuliko zote.

Magurudumu yafunike kwa tepu ya karatasi au yatoe kabisa. Rangi ikiingia kwenye ncha za ekseli, behewa litakuwa zito kuzunguka, na ikibaki kwenye uso unaokanyaga reli, litachafua njia yako yote.

Vaa barakoa ya kuchuja rangi na ufungue dirisha, hata kama rangi ni ya maji. Lakini usipulizie nje miezi ya Julai na Agosti. Upepo wa Mbeya utakubandikia vumbi halisi mahali usipolitaka.

Jumamosi asubuhi tunafundisha watu wawili wawili, kwa sababu eabrashi tulizonazo ni mbili. Njoo na behewa lako, picha ya behewa halisi unalotaka lifanane nalo, na chupa tupu ya maji.